Maswali ya Wasomaji: Ruzuku ya ubunifu, mbona hainunui mashine?

SWALI: Habari za kazi kaka, nakusomaga kila toleo ila leo ndo naandika kwa mara ya kwanza. Nina kiwanda kidogo cha sabuni ya maji, tuko wanne tu, sasa sabuni ikikaa dukani wiki kadhaa inajitenga, juu maji matupu chini uzito, wateja wanarudisha mzigo. Nikasikia serikali inatoa ruzuku ya ubunifu kwa biashara ndogo, nikajua hapa mashine ya kuchanganyia nimeshaipata, kumbe nasoma maelezo wanasema ni kwa ajili ya huduma za kitaalamu na mashine haimo. Sasa inanisaidia nini mimi? Au ni maneno tu?
Mama Sabuni

JIBU: Pole sana na mzigo kurudi, Mama Sabuni. Si maneno tu, hizi ruzuku zipo nchi nyingi na jina lake la kawaida ni vocha ya ubunifu. Ila kwa kawaida serikali haikupi hela mkononi, inamlipa mtaalamu kwa niaba yako, iwe chuo kikuu, maabara, taasisi ya utafiti, kuna mahali hata mbunifu wa vifungashio. Ireland walianza 2007 na vocha za euro 5,000, unapeleka shida yako chuoni na wao wanaifanyia kazi.

Mashine wameitoa makusudi. Mashine hata benki inaielewa, ukishindwa kulipa wanakuja na gari wanaibeba, ila ushauri wa mkemia nani ataubeba? Ndo maana wenye biashara ndogo huwa wanauruka kabisa, si kwamba hawauhitaji, ni kwamba kila shilingi ina kazi nyingine ya haraka. Uholanzi waliliona hilo vizuri kwenye majaribio yao ya 2004, maana waombaji walikuwa wengi kuliko vocha wakaamua kupiga bahati nasibu, halafu wachumi wakalinganisha waliopata na waliokosa. Wakakuta kwenye kila vocha 10, kama 8 zilileta kazi ambayo bila vocha isingefanyika kabisa.

Sasa tuje kwako. Una uhakika gani kwamba dawa ni mashine? Sabuni za maji nyingi zinaongezwa uzito kwa chumvi, na chumvi ina kipimo chake, ukipita hapo sabuni badala ya kuwa nzito inarudi kuwa nyepesi na inaweza kuharibika ikikaa. Inawezekana pia ni malighafi ya bei rahisi isiyofanana kila ukinunua, au stoo ina joto kali mchana na baridi usiku. Ukinunua mashine kubwa na kosa liko kwenye kipimo, utatengeneza sabuni mbovu nyingi zaidi kwa muda mfupi! Maabara wataiweka kwenye joto na baridi kwa zamu, watapima, watakuambia kosa liko wapi na urekebishe nini. Hiyo ndo kazi vocha inalipia.

Kwenye fomu usiandike "tunataka kuboresha bidhaa zetu kwa teknolojia ya kisasa", hiyo kila mtu anaandika na msomaji wa fomu haoni kitu. Andika hivi: "Sabuni yetu inajitenga ikikaa wiki kadhaa, tunataka kujua ni chumvi, malighafi au joto la stoo, na tupate fomula itakayokaa bila kujitenga kwa miezi 12." Shida moja, swali moja, na mtu wa kulijibu. Ukichomekea na tovuti na nembo mpya na mafunzo ya mauzo humo humo umeharibu.

Kingine, usianze kazi kabla ya barua ya kukubaliwa, ruzuku nyingi hazirudi nyuma, ukishamlipa mtaalamu imekula kwako. Uliza pia kama wanamlipa mtaalamu moja kwa moja au unatanguliza wewe halafu wanakurudishia, maana watu wanakubaliwa halafu wanakwama hapo, hela ya kutanguliza hawana. Kodi ya ongezeko la thamani mara nyingi haimo, ibebe kwenye bajeti. Na fomula itakayopatikana ni ya nani? Iandikwe kwenye mkataba mapema, ni ya kwako, usije ukaikuta kwa jirani.

Ila usiitegemee kama mtaji. Manchester, Uingereza, walijaribu vocha za pauni 4,000 kuanzia 2009, biashara inaongeza angalau 1,000 yake na kufanya kazi na kampuni za sanaa na usanifu, kama za matangazo na video. Baada ya miezi 6 waliopata walionekana wako mbele, baada ya mwaka tofauti ikawa haionekani tena. Mimi naisoma hivi: ripoti ya mtaalamu ikiishia kwenye droo, na faida inaishia hapo hapo.

SWALI: Kuna jamaa anasema atanijazia fomu, nimpe elfu kadhaa kwanza halafu asilimia 20 ya ruzuku, anadai ana mtu ndani. Nimwamini?
Fundi Viti

JIBU: Hapana bana. Ruzuku inaenda kwa mtaalamu, hiyo asilimia 20 utaitoa wapi kama si mfukoni mwako? Na "mtu ndani" ikijulikana wewe ndo unafutiwa maombi, yeye hayumo kwenye karatasi yoyote. Fomu nyingi ni fupi, na ofisi zenyewe huwa na watu wa kukuelekeza bure, wapigie kwa namba iliyo kwenye tangazo rasmi, siyo aliyokupa yeye.

SWALI: Nimekataliwa. Niombe tena?
Msomaji

JIBU: Omba, ila kwanza waulize sababu kwa maandishi. Wakisema hela imeisha, subiri dirisha lijalo na fomu ile ile. Wakisema mradi haueleweki, mpe mtu asiyejua biashara yako aisome, akishindwa kukuambia shida yako ni nini, iandike upya yote.