Kabla Hujamhukumu Laurel Lance: Ushauri kwa Wanaoanza Kujadili Uandishi wa Tamthilia

Kila anayeingia katika mijadala ya mashabiki wa tamthilia ya Arrow hukutana mapema na swali moja: je, Laurel Lance alikuwa mhusika mbovu, au aliandikwa vibaya? Swali hilo liliwagawa watazamaji tangu kituo cha The CW cha Marekani kilipoanza kuirusha tamthilia hiyo Oktoba 2012. Halikwisha mhusika huyo alipouawa Aprili 2016, na mpaka leo linazungumzwa, ingawa tamthilia yenyewe ilifungwa Januari 2020 ikiwa na misimu 8 na sehemu 170. Nimeufuatilia mjadala huo kwa miaka mingi na nimesoma hoja za kila upande. Nawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu naamini kwamba ugomvi huu, unaoonekana kwa nje kuwa wa nani anampenda nani, unaweza kumfundisha mtu mengi kuhusu namna hadithi ndefu inavyojengwa na namna inavyoharibika.

Kwa ambaye hajaitazama, msingi wake ni huu. Oliver Queen, mtoto wa tajiri, anarudi Starling City baada ya kudhaniwa kwa miaka 5 kwamba alikufa maji pale boti ya familia yake ilipozama. Mchana anaishi kama kijana wa anasa. Usiku anavaa kofia ya kijani na kuwasaka kwa upinde watu waliomo katika orodha aliyoachiwa na baba yake. Laurel, mwanasheria anayewatetea wasio na uwezo, alikuwa mpenzi wake kabla ya safari ile, na ndani ya boti Oliver alikuwa na Sara, mdogo wake Laurel. Katika vitabu vya katuni vya DC, ambamo Green Arrow, yaani Oliver katika vazi lake la kishujaa, alitokea mara ya kwanza mwaka 1941 na Black Canary, shujaa wa kike, mwaka 1947, wawili hao ni wapenzi wanaojulikana, kwa hiyo wasomaji wa katuni walikaa mbele ya runinga wakiwa na hakika kwamba Laurel ndiye atakayekuwa Black Canary na mke wa shujaa. Kisha akatokea Felicity Smoak, fundi wa kompyuta, ambaye mwigizaji wake, Emily Bett Rickards, aliitwa awali kwa ajili ya sehemu moja tu. Watayarishaji walimpenda, wakamrudisha, na kufikia msimu wa pili alikuwa mhusika wa kudumu.

Jambo la kwanza ninalowashauri ni kutoanza na sifa. Wachambuzi wengi wachanga huandika kwamba Laurel anakera au kwamba Felicity analia mno, kisha hushangaa kwamba mjadala hausongi mbele. Hisia hizo ni halali, lakini hakuna mtu mwingine anayeweza kuzikagua. Anza badala yake na maswali yanayoweza kujibiwa kwa kurudi kwenye picha yenyewe: mwandishi amempa mhusika huyu nini cha kujua, nini cha kutaka, na nini cha kuamua mwenyewe? Ukiyafuata maswali hayo kwa uaminifu, utajikuta umetoka kwenye ushabiki na kuingia kwenye kazi ya uchambuzi bila kulazimika kuacha kumpenda unayempenda.

Chukueni suala la siri. Uhai wote wa msimu wa kwanza umo chini ya kiwanda cha zamani cha familia ya Queen, mahali ambapo Oliver anaficha silaha zake na kupanga mashambulizi. John Diggle, mlinzi wake, anaijua siri hiyo mwishoni mwa sehemu ya 3. Felicity anaijua katika sehemu ya 14, anapomkuta Oliver ndani ya gari lake akivuja damu. Laurel haijui mpaka sehemu ya 18 ya msimu wa pili, na wakati huo hata si Oliver anayemwambia, bali ni Slade Wilson, adui mkuu wa msimu huo, anayemtumia kama njia ya kumwumiza Oliver. Hesabuni wenyewe: sehemu 23 za msimu wa kwanza na 18 za msimu wa pili ni sehemu 41 ambazo mwanamke aliyetambulishwa kama kiini cha mapenzi ya hadithi anaishi kama mtu aliyeachwa barazani wakati shauri linaamuliwa ndani. Kila uamuzi wake katika kipindi hicho unaonekana wa kipuuzi kwa sababu sisi tunajua asichokijua. Anamwinda mtu mwenye kofia akidhani ndiye chanzo cha kifo cha Tommy Merlyn, rafiki wa karibu wa Oliver na mpenzi wa Laurel, huku mtazamaji akijua uchungu ambao mtu huyo anaubeba. Haihitajiki chuki yoyote kwa mhusika ili mtazamaji amchoke katika hali hiyo, kwa maana mpangilio wa taarifa peke yake unatosha kumfanya achokwe.

Sasa linganisheni na namna Felicity anavyoingia katika ile sehemu ya 3. Tunamkuta ofisini akiwa na kalamu nyekundu mdomoni. Oliver anamletea kompyuta mpakato na kumwambia kwamba aliimwagia kahawa. Felicity anaitazama na kusema kwamba hayo yanafanana na matundu ya risasi, naye Oliver anajibu kwamba mgahawa wake wa kahawa uko katika mtaa mbaya. Mazungumzo yote hayachukui hata dakika mbili, lakini tazameni yamefanya nini: mhusika mgeni amegundua uongo, ameamua kutoupigia kelele, na amekubali kusaidia. Yaani tayari ana akili yake, ana hiari yake, na kati yake na shujaa kuna jambo ambalo wawili hao tu wanalielewa. Laurel hakupewa onyesho la namna hiyo katika sehemu za mwanzo. Anayesema kwamba watazamaji walimpenda Felicity kwa ajili ya vichekesho vyake tu hajalitazama onyesho hilo vizuri.

Haki inadai pia kutaja mahali ambapo waandishi walimpa Laurel kitu kizuri kisha wakakipoteza. Katika msimu wa pili, akiwa amezama katika pombe na vidonge baada ya kifo cha Tommy, anamshuku mwanasiasa Sebastian Blood. Anashuku sawasawa, kwa kuwa Blood kweli ni mhalifu, lakini hakuna anayemwamini, na ulevi wake unatumika kuwa ushahidi kwamba akili haijatulia. Mwanamke aliye sahihi peke yake katika mji mzima, ambaye udhaifu wake ndio unaoufanya ukweli wake usisikike: hiyo ni mali ambayo mwandishi yeyote angetamani kuwa nayo. Hadithi ikaigusa kwa sehemu chache na kuharakia mapambano ya Slade. Mimi huwa nasimama hapa kila ninapoeleza kwa nini nasema Laurel aliandikwa vibaya, kwa sababu hapa ndipo anapoonekana kwa uwazi mhusika ambaye angeweza kuwapo.

Wengi wenu mmesoma Fasihi shuleni, nanyi mnayo tayari maneno ya kazi hii: mhusika bapa na mhusika duara, taharuki, msuko, mbinu rejeshi. Yatumieni, ila myafunge kwenye tukio mahususi, na mtaje sehemu mnayoizungumzia. Arrow ni mfano mzuri sana wa mbinu rejeshi kwa sababu katika misimu 5 ya kwanza ilikuwa ikisimulia hadithi mbili sambamba, ya sasa na ya miaka 5 ambayo Oliver alitoweka, mwaka mmoja wa zamani kwa kila msimu. Msimu wa 5 ulipofungwa Mei 2017, masimulizi ya zamani yalifika kwenye uokoaji ule ule tulioanza nao mwaka 2012, na ahadi ikatimia. Lakini kutimiza ahadi hakumaanishi kwamba kila mwaka ulikuwa na cha kusema, na masimulizi ya zamani katika msimu wa 4, yanayomrudisha Oliver kisiwani, ni dhaifu kwa maoni yangu, kwa kuwa hayamfundishi mhusika jambo ambalo hatukuwa tumelijua.

Jambo jingine ambalo wageni hulisahau ni ratiba. Misimu 6 ya kwanza ilikuwa na sehemu 23 kila mmoja, nazo skripti za mwisho wa msimu zilikuwa bado zinaandikwa wakati za mwanzo zikirushwa. Mfumo huo una athari zake. Msimu wa 4 ulipoanza Oktoba 2015, sehemu ya kwanza iliruka miezi 6 mbele na kumwonyesha Oliver akiwa amesimama kando ya kaburi, bila kutuambia ni la nani. Baadaye watayarishaji walisema hadharani kwamba walipopiga picha hiyo walikuwa bado hawajaamua nani amezikwa pale. Tafakarini uzito wa jambo hilo. Taharuki ilitangulia, kifo kikatafutwa baadaye ili kuijibu, na aliyechaguliwa akawa Laurel.

Ndiyo maana nawaomba mlitazame onyesho la kifo chake kwa utulivu, hata kama mnampenda na linawaumiza. Damien Darhk, adui mkuu wa msimu huo, anamchoma kwa mshale, na tena ni mshale wa Oliver. Anapelekwa hospitalini, anazinduka, anazungumza na wenzake, nasi tunaanza kupumua. Kisha anabaki na Oliver na kumwambia kwamba anajua yeye si kipenzi cha maisha ya Oliver, lakini Oliver atabaki kuwa kipenzi cha maisha yake. Dakika chache baadaye hali inageuka na madaktari wanatangaza saa ya kifo. Mwanamke huyu alikuwa mwanasheria, binti wa polisi, dada wa Sara, mtu aliyeushinda ulevi na kujifunza kupigana ili abebe jina la kishujaa la dada yake, Canary. Katika maneno yake ya mwisho na mhusika mkuu, skripti inayaweka yote hayo kando na kumtumia kusafisha njia ya mapenzi ya watu wengine wawili. Sikubaliani na wanaosema kosa lilikuwa kumuua. Shujaa anaweza kufa, hata kama sisi tumezoea kuamini kwamba steringi hafi. Kosa lilikuwa kumfanya azungumzie jambo la mtu mwingine katika saa yake mwenyewe.

Kanuni mnayoitumia kwa Laurel itumieni pia kwa Felicity, hasa kama mko upande wake. Katika msimu huo huo wa 4 Felicity anapigwa risasi na kupooza miguu, kisha anawekewa kifaa kinachoweza kumrudishia uwezo wa kutembea. Uwezo huo unarudi katika onyesho lile lile ambalo anavunja uchumba na Oliver kwa sababu Oliver alimficha kwamba ana mtoto, na anasimama kutoka kwenye kiti cha magurudumu na kuondoka kwa miguu yake. Hasira yake ina msingi, maana alidanganywa na mtu aliyekuwa akijiandaa kufunga naye ndoa. Lakini kupooza kwake, ambako kungestahili kuishi katika hadithi kwa muda mrefu, kumegeuzwa pambo la tukio la kuachana. Waliomtupia Felicity lawama kwa onyesho hilo walimlaumu asiyehusika, kama walivyofanya waliomlaumu Laurel.

Angalieni pia namna mlivyoitazama. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliipata Arrow ikiwa msimu mzima ndani ya flashi au kwenye diski, tukaimaliza kwa siku chache. Mtazamaji wa Marekani alisubiri juma zima kwa kila sehemu. Kaburi la msimu wa 4, ambalo kwake lilikuwa fumbo la miezi 6, kwetu lilikuwa swali la jioni mbili au tatu, na mambo yanayojirudia, ambayo yeye aliyasahau kati ya Jumatano moja na nyingine, sisi yalituchosha haraka. Na kama uliitazama ikiwa imetafsiriwa na wale wasimuliaji wetu wa Kiswahili, ambao ni mafundi wa kweli katika kazi yao, kumbuka kwamba huongeza vionjo vyao. Usimnukuu mhusika kwa maneno ya msimuliaji kabla ya kuyasikia maneno ya awali.

Mwisho, msimchanganye mwigizaji na mhusika wake. Katie Cassidy aliambiwa kwa miaka minne kwamba ndiye tatizo la Laurel. Baada ya kifo kile alirudi akiwa Black Siren, Laurel wa dunia nyingine, mhalifu mwenye uso ule ule, kwanza katika tamthilia ndugu ya The Flash mwaka 2016 na baadaye kama mhusika wa kudumu wa Arrow kuanzia msimu wa 6. Huyu alipewa kitu cha kutaka, hatia ya kubeba, na baba ambaye si baba yake lakini anakataa kumkatia tamaa. Tazameni maonyesho yake na Quentin Lance katika msimu wa 6, hadi Quentin anapopigwa risasi akimkinga mwishoni mwa msimu. Kisha rudini kwenye maonyesho ya Laurel wa kwanza na baba huyo huyo katika msimu wa kwanza, muandike pembeni, kwa kila onyesho, nani anajua nini na nani anaamua nini. Mkishamaliza, bado mtakuwa na haki ya kubishana kama mabadiliko ya Black Siren yaliharakishwa. Mimi naona yaliharakishwa, hasa mwanzoni mwa msimu wa 7 anapokuwa mwendesha mashtaka wa jiji kwa jina la marehemu, lakini hilo tunaweza kulibishania tukiwa na ushahidi ule ule mezani.