Jibu: Sukari imepanda na wala hatuna kitu

Waalaykum salaam dada. Umeuliza vipi mumeo, dereva wa gari ya Wete–Chake, aambiwe sukari yake ya damu imepanda na nyinyi si watu wa kujiweza. Kwanza arudie kipimo asubuhi hajala kitu: 7.0 kwenda juu (kwa mmol/L), siku mbili tofauti, ndiyo kisukari, 6.1 hadi 6.9 bado ni onyo.

Mimi nilikuwa nauza duka Darajani, kitako kutwa. Samaki ghali, basi asubuhi mkate wa boflo na chai ya vijiko vinne, mchana chipsi na soda. Shibe ya bei rahisi hiyo! Kitambi kikatangulia, sukari ikafuata. Mtazame mumeo anakula nini kituoni, na suruali imeanza kumbana? Mimi nilianzia kwenye chai, nikashuka hadi kijiko kimoja.