Sumaku ya spika haifuti hard disk, ila inaweza kumdhuru mzee

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama sumaku ya spika itafuta data kwenye hard disk 12 za kompyuta za ofisi kabla hujaziuza skrepa kule Unga Limited, Arusha, na kama mzee mwenye betri ya moyo (pacemaker) anaweza kukaa hapo hapo mnapofanyia kazi. La kwanza, hapana. La pili, asikae.

Diski za siku hizi zinataka uga wa sumaku wa karibu tesla 0.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) kwenye sahani yenyewe, lile duara la ndani linaloshika data, ndipo data igeuke. Sumaku nyeusi ya spika iko chini sana ya hapo hata kwenye uso wake wenyewe, na ukisogea sentimita chache nguvu inaporomoka. Tena ndani ya diski hiyo hiyo kuna sumaku za neodimiamu zenye nguvu kuliko ya spika yako, zimekaa jirani na sahani miaka yote bila kufuta chochote. SSD (diski zisizo na sahani) na flashi ndiyo kabisa: zinahifadhi chaji ya umeme, sumaku haziwahusu.

Ili kufuta data kweli, diski ikiwa bado inafanya kazi, ifunge kwenye mashine ya Windows, fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika diskpart, kisha list disk, select disk na namba yake, halafu clean all. Soma ukubwa kabla ya kuchagua namba. Wengi hujifutia diski ya mashine yao wenyewe hapo. Ukiandika clean peke yake unaondoa jedwali la mgawanyo wa diski tu, data inabaki. GB 500 kwa waya wa SATA ni saa moja na nusu hadi mbili. Kwa USB 2.0 ni zaidi ya nne. Umeme ukikatika katikati, anza upya. SSD usiitegemee kwa njia hii, kwa kuwa ina nafasi ya akiba ambayo Windows haiioni. Tumia programu ya mtengenezaji au amri ya Secure Erase kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka.

Diski iliyokufa ifungue kwa bisibisi ya nyota, T8 kwa kubwa, T6 kwa ya laptopu. Skrubu moja hujificha chini ya lebo. Sahani za alumini zikwangue kwa msasa pande zote, kisha uzikunje. Za laptopu nyingi ni kioo: zifunge kwenye kitambaa, vaa miwani, ndipo upige nyundo.

Sasa zile sumaku za ndani. Usizivute kuzitenganisha, zisukume kwa upande. Zikikutana ghafla zinabana kidole mpaka damu, na zinapasuka vipande vinavyoruka machoni. Usizitoboe kwa drili, unga wake unawaka moto.

Kwa mzee: militesla 1 tu (sehemu moja ya elfu ya tesla) inatosha kuifanya betri ya moyo ibadili mwendo, na zile zenye kazi ya kushtua moyo huacha kushtua sumaku ikiwa karibu. Sentimita 15 ndiyo kiwango cha chini kabisa, lakini mtu anayepita akibeba boksi la sumaku kifuani hapimi kwa rula. Mzee akae chumba kingine.

Watoto pia. Mtoto akimeza sumaku mbili zinabanana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Usisubiri alie: Arusha mpeleke hospitali ya Mount Meru, Moshi hospitali ya KCMC, na useme wazi kwamba ni sumaku.

Kadi ya benki chipu yake haiguswi, mstari mweusi wa nyuma ndio unaoweza kufutika. Kadi za vyumba vya hoteli zenye mstari kama huo ndizo dhaifu zaidi, zile hata sumaku ya kava la simu inazimaliza.