Maji kwenye waya wa dishi: kwa mdogo wangu anayeanza kupanda paa

Mteja akikupigia simu kwamba picha imekatika kwa mvua, usikimbilie ngazi. Muulize kwanza: picha ilirudi saa ngapi? Kama ilirudi mvua ilipopungua, basi mvua nzito yenyewe ilimeza mawimbi ya setilaiti, na pengine dishi linahitaji kuelekezwa vizuri zaidi. Lakini kama mvua iliisha usiku na picha ikarudi kesho yake mchana, jua lilipokwisha kuchoma, maji yameingia kwenye konekta, kile kichwa cha chuma kinachounganisha waya na kifaa.

Mimi sikulijua swali hilo nilipoanza. Nilimbadilishia mama mmoja wa Entebbe LNB nzima, kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, akanilipa, na baada ya wiki shida ikawa ileile. LNB yake ilikuwa nzima. Konekta ndiyo ilikuwa imejaa ukijani.

Ule ukijani hauji kwa maji peke yake. Dekoda hupeleka umeme wa DC wa volti 13 au 18 kwenye LNB kupitia waya huohuo, na umeme ukikutana na maji shaba huliwa upesi. Waya mwingi wa RG-6, ule wa kawaida wa dishi, wa bei nafuu una chuma katikati, shaba ni ngozi tu. Ngozi ikiisha, chuma kinashika kutu. Tena zile nyuzi zilizosukwa chini ya ganda huvuta maji kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Kwa hiyo kubadilisha konekta tu hakutoshi. Kata waya kidogokidogo mpaka uone nyuzi zinazong'aa. Nimewahi kukata zaidi ya mita moja.

Sasa kufunga. Kaza konekta kwa mkono, kisha malizia na spana ya milimita 11, taratibu. Acha waya uning'inie na kupinda chini ya konekta kabla ya kupanda tena kwenye mlingoti au ukutani, ili maji yadondokee pale kwenye pindo. Watu wengi huliruka hili kwa sababu waya ulionyooka unapendeza macho.

Tepu nyeusi ya umeme peke yake haifai. Sisi tuko kwenye ikweta, na gundi yake inalainika juani, inateleza, inaachia. Tafuta tepu ya mpira inayojishika yenyewe, isiyo na gundi. Ivute mpaka ikaribie nusu ya upana wake, anzia kwenye waya chini ya konekta, panda nayo juu, kila mzunguko ulalie nusu ya ule uliotangulia. Ni kama kuezeka nyumba ya nyasi: tunaanza chini ili tabaka la juu lilalie la chini na maji yapite. Ukianzia juu, kila mkunjo unakuwa mdomo wa kunywea maji. Juu yake ndipo uzungushe ile tepu nyeusi, ikinge mpira dhidi ya jua, na mzunguko wa mwisho usiuvute, la sivyo utabanduka.

Silikoni inayonuka siki usiipake kwenye konekta hata kama duka zima linakusifia. Asidi yake inakula shaba. Na usifunge kitu chenye unyevu, maana utakuwa umeyafungia maji ndani. Miezi ya Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, mimi hupanda asubuhi pakiwa pakavu. Nikisikia radi hata kwa mbali nashuka, mteja akasirike akitaka.

Kabla hujaondoka, angalia pale waya unapoingia ndani. Tundu la ukuta liinamie nje, na waya upinde chini kabla ya kuingia. Nimewahi kufungua konekta nyuma ya dekoda, sebuleni, chini ya bati zima lisilovuja, na maji yakadondoka mkononi mwangu. Yalikuwa yametoka kwenye dishi, yakateremka ndani ya waya mpaka pale.