Nilichojinyima kimfikie mwenye njaa

Swali la wiki liliuliza: Kwaresima ina maana gani kwa Mkatoliki, mbali na kuacha nyama?

Mimi naanzia kwenye Injili ya Jumatano ya Majivu (siku inayofungua Kwaresima, kipindi cha mfungo kabla ya Pasaka), Mathayo sura ya 6. Yesu anataja mambo matatu, na la kwanza ni sadaka. Sala inafuata, kufunga kunakuja mwisho. Sisi tumeugeuza mpangilio huo. Kwaresima ikikaribia tunaulizana, "Mwaka huu unaacha nini?" Ni nadra kusikia mtu akiulizwa atampa nani.

Sheria yenyewe ya kufunga si nzito kama wengi wanavyodhani. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mwenye miaka 18 hadi 59 anakula mlo mmoja kamili, na kidogo tu asubuhi na jioni. Kutokula nyama siku hizo, na Ijumaa za Kwaresima, kunamhusu kila aliyetimiza miaka 14. Mgonjwa habanwi. Mtu anaweza kuyatimiza hayo yote na jirani yake asipate hata tonge.

Papa Leo Mkuu, aliyeliongoza Kanisa kuanzia mwaka 440 hadi 461, alihubiri kwamba alichojinyima mfungaji kiwe shibe ya maskini. Naamini hapo ndipo penye kiini. Fedha ya mlo ulioupunguza itengwe siku ileile, maana ukiiacha mfukoni hadi Ijumaa Kuu itakuwa imeshapata matumizi mengine. Njia ya Msalaba (sala ya kutafakari mateso ya Yesu) na Kitubio (kuungama dhambi kwa padri) navipenda mno, na sina nia ya kuvishusha; vinanipa nguvu ya kutoa bila kunung'unika.

Lakini somo linalonichoma zaidi husomwa Ijumaa, siku mbili tu baada ya kupakwa majivu: Isaya 58. Watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga naye hatazami. Anawajibu kuwa siku hiyohiyo ya mfungo wanawakandamiza wafanyakazi wao. Hapo hakuna fumbo. Dada wa kazi anayedai mshahara wa mwezi uliopita anamwona bosi wake akirudi kanisani na alama ya majivu kwenye paji la uso. Bosi huyo amlipe kwanza, ndipo afikirie kama ataacha nyama au soda.