Stetoskopu Yako Iko Mfukoni mwa Mtu: Namna ya Kulinda Vifaa Vyako Wodini

Stetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia moyo na mapafu, ikipotea, wodi nzima huanza kuangaliana kwa jicho la wizi. Wezi wapo, hatukatai, na oksimita ya kidoleni, ile ya kupima oksijeni kwenye damu, inauzika mtaani. Ila vifaa vingi vya watumishi hupotea kistaarabu kabisa: "Naomba mara moja, nakurudishia sasa hivi." Intani, daktari aliye mafunzoni, anaazima, anaitwa leba, anamwachia nesi, nesi anakabidhi zamu na kwenda zake. Asubuhi kifaa kiko mezani na hakuna anayejua ni cha nani. Anayekihitaji anakichukua, na hana kosa.

Huku kusini mwa Tanzania hasara yake ni kubwa kidogo. Kifaa kizuri ukikipoteza Masasi, Liwale au Newala, hutakikuta duka la jirani. Unaagiza Dar, na hata kwa aliye Mtwara mjini huo ni mzigo wa kusafiri na basi zaidi ya kilomita 500. Bora ulichonacho ukikalie macho.

Anza na alama. Karibu kila mtu anazungushia plasta kwenye mrija na kuandika jina kwa kalamu, na hiyo ndiyo alama mbovu kuliko zote. Plasta ya kitambaa inanyonya jasho na damu, kingo zake zinakusanya uchafu ambao hausafishiki, na spiriti inalainisha gundi mpaka inabanduka yenyewe. Mwenye nia mbaya anaivuta kwa kucha, kazi imeisha. Maka peni nayo ina shida zake: kwenye mrija wa plastiki wino unazama na kusambaa mpaka jina linakuwa doa, na kwenye chuma pamba moja ya spiriti inafuta kila kitu.

Weka alama mbili kwenye kila kifaa, moja ya kuonekana na moja ya siri. Ile ya kuonekana inamfanya aliyeazima akukumbuke. Ya siri ni ya siku mtu atakapokukazia macho na kusema ni yake.

Kwa stetoskopu, alama ya kuonekana tunayoipenda ni shanga. Nunua mshipi wa kuvulia samaki, ule wa nailoni mnene kiasi. Sokoni ufukweni haukosekani na bei yake ni ya kawaida. Tunga shanga tatu za kioo za rangi moja, zungusha mshipi kwenye shingo ya chuma pale mrija unapoungana na kichwa, funga fundo mara tatu, kata ncha ukibakiza milimita chache, kisha unguza ncha kidogo na kiberiti ili fundo lisiteleze. Fanya hivyo mbali na mrija, maana joto linauharibu. Nailoni na kioo vinafutika kwa spiriti kila baada ya mgonjwa, jambo ambalo uzi wa pamba au kipande cha kitenge hakiwezi. Anayefanya kazi wodi ya watoto aache shanga kabisa: mtoto ataivuta, mshipi ukikatika shanga inaishia mdomoni. Huko tumia rangi ya kucha, nukta mbili nene pembeni mwa kichwa cha chuma, upande usiogusa ngozi ya mgonjwa. Futa chuma kwa spiriti kwanza, acha kikauke, paka, subiri dakika kumi, paka tena. Itakwanguka taratibu, kwa hiyo irudie kila mwezi.

Alama ya siri mpelekee sonara au fundi wa kuchonga mihuri akuchongee herufi mbili za majina yako na mwaka kwenye chuma cha masikioni, upande wa ndani. Mwambie asiguse utando wala ukingo unaoushika, kwani utando ukipata ufa husikii vizuri sauti za moyo.

Mashine ya presha ina sehemu nzuri ya kuficha jina ambayo wengi hawaijui. Kile kitambaa cha mkononi kina mfuko, na ndani yake kuna puto la mpira. Toa hewa yote, chomoa puto taratibu kwa kulikunja mara mbili, andika jina kwa wino wa nguo kwenye kitambaa upande wa ndani, acha kikauke, halafu rudisha puto likiwa limenyooka. Likikaa limejikunja, kipimo kitakudanganya. Oksimita iandike ndani ya kifuniko cha betri. Na betri zenyewe zitoe kama huitumii siku kadhaa, kwa sababu zikikaa muda mrefu zinaweza kuvuja na kula vyuma, na hewa ya chumvi ya Mtwara na Lindi mjini inaongeza kutu.

Mkasi usichongwe kwenye makali. Kila mchongo ni mlango wa kutu. Chonga kwenye mpini. Usipake rangi ya kucha mkasi utakaoingia kwenye mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, kwa nyuzi 121 rangi inabanduka na vipande vyake vinaangukia seti nzima. Kwa kweli mkasi binafsi usiingie huko kabisa. Kule wanahesabu seti, mwenye mali hawamjui: mikasi miwili ilikwenda, mikasi miwili imerudi, na wako uko thieta, chumba cha upasuaji.

Alama bila hesabu haikusaidii. Jiwekee namba ya vitu vya mfukoni, tuseme sita: stetoskopu, oksimita, tochi, mkasi, futi kamba, kalamu. Gusa mfuko na uhesabu mara tatu kwa zamu: baada ya raundi ya kuwaona wagonjwa, kabla ya kuvua koti au nguo za thieta, na kabla ya kusaini kitabu cha makabidhiano. Raundi yenye wanafunzi wengi ndiyo ya hatari, kila mmoja anataka kusikiliza pafu moja. Sehemu nyingine ni kitanda cha mgonjwa. Unaweka kifaa juu ya shuka, shuka linakunjwa, linakwenda kwa dobi. Na kwenye sinki, ambako saa inavuliwa wakati wa kunawa na kubaki palepale.

Kuazima huwezi kukataa, utaonekana mchoyo na siku moja utahitaji cha mwenzako. Azima kwa rehani. Kalamu toa bila kifuniko, maana kalamu isiyo na kifuniko inamsumbua mtu mfukoni mpaka anairudisha. Kifaa kikubwa, shika ufunguo wa pikipiki yake; hakuna atakayeondoka kazini kwa miguu akakusahau. Kwa mkubwa wako huombi ufunguo, unatuma ujumbe mfupi: "Shikamoo daktari, oksimita yangu nimekuachia kitanda namba 7, nitaifuata saa nane." Kumbukumbu tayari unayo, na heshima haijavunjika.

Rufaa ndiyo inayomeza vifaa bila mtu kushtuka. Mgonjwa anatoka Tandahimba kwenda Mtwara, au Nachingwea kwenda Lindi, oksimita yako iko kidoleni mwake. Gari likiwasha mwanga hakuna anayekumbuka. Kabla ya mlango kufungwa, muuguzi msindikizaji aandike nyuma ya nakala ya barua ya rufaa: kifaa gani, cha nani, kinarudi na gari hilihili. Dereva naye aambiwe, kwani yeye ndiye anayerudi kwa uhakika.

Kufuli la kabati nunua la shaba. Yale ya chuma chepesi yanakamata kutu hapa pwani. Likigoma, tia unga wa risasi ya penseli kwenye tundu la ufunguo badala ya mafuta, mafuta yanashika vumbi.

Kikishapotea, nusu saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Rudi kwa mgonjwa wa mwisho na umsalimie ndugu anayemuuguza kabla ya kuuliza. Mara nyingi bibi amekiweka kwenye kikapu chake ili kisianguke. Kisha zuia gunia la mashuka kabla ya dobi kuja. Kisha andika kwenye kundi la wodi, bila kumtuhumu mtu: "Habari za kazi ndugu zangu. Stetoskopu nyeusi, shanga tatu nyekundu. Aliyeikuta mfukoni naomba aiache droo ya vilivyookotwa." Droo hiyo muwe nayo, isiyo na ufunguo. Aliyekaa na kitu chako siku tatu anaona haya kukukabidhi mkononi, lakini usiku ataitupia droo.

La mwisho ni karatasi. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni, na wakati wa kuhesabu mali kifaa kilichokutwa wodini bila maelezo kinaweza kuandikwa cha hospitali na kupigwa namba. Mwezi Mei mpe msimamizi wa wodi orodha ya vifaa vyako yenye aina, namba ya kifaa kama ipo, na alama zake za kuonekana. Asaini nakala mbili, moja ubaki nayo. Ukipata uhamisho, ndiyo utakayoonyesha getini.