Hukumu ya mboga na samaki katika migahawa ya China

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mwanafunzi kutoka Tanga, ninasoma Guangzhou. Wenzangu wa darasani hunialika mgahawani, nami huacha nyama na kuagiza mboga au samaki tu. Ndugu mmoja ameniambia kuwa hata hizo ni haramu kwangu. Je, ni kweli?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Kuiacha nyama umefanya sawasawa, kwa sababu ruhusa iliyomo katika Suratul Maida, aya ya 5, inahusu chakula cha waliopewa Kitabu, yaani Mayahudi na Wakristo, na wachinjaji walio wengi huko si watu wa Kitabu; kwa hiyo hata kuku wa mgahawa wa kawaida haliki. Ama mboga ni halali kwa asili yake, na samaki hahitaji kuchinjwa, kwani Mtume (S.A.W.) alisema juu ya bahari kwamba maji yake ni twahara na mfu wake ni halali. Ndugu yako amekosea hukumu, lakini hofu yake ina msingi, maana tatizo liko katika mafuta na karai.

Wapishi wengi wa huko hukaangia mboga mafuta ya nguruwe ili zinukie, hutia nyama ya kusaga katika tofu, yaani jibini ya soya, na huondoa shombo la samaki kwa divai ya kupikia iitwayo liaojiu. Usikubali kauli kuwa moto humaliza kilevi, kwani divai iliyotiwa chunguni imekwisha kunajisi chakula chote. Siki ya mchele ni kitu kingine, nayo haina ubaya. Fahamu pia kuwa neno rou, yaani nyama, likitajwa bila jina la mnyama, kwa kawaida ni nyama ya nguruwe, na mhudumu anayekujibu kwa moyo safi kuwa hakuna rou huenda hakuyahesabu mafuta. Uliza kuhusu mafuta ya nguruwe yenyewe, zhuyou, na uombe ya mimea.

Kuhusu karai, sahaba Abu Tha'laba al-Khushani (R.A.) alimuuliza Mtume juu ya kula katika vyombo vya Watu wa Kitabu, akaambiwa kwamba akipata vingine asivitumie hivyo, na asipopata avioshe kisha ale. Sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Shafi tumefundishwa kuosha najisi ya nguruwe mara 7, moja kwa udongo, na ni wazi kwamba hutaweza kumtaka mpishi afanye hivyo. Imam Nawawi, naye ni nguzo ya madhehebu hayo, aliona kwamba kwa upande wa dalili kuosha mara moja kunatosha, na mimi naona kauli hiyo inakufaa ugenini. Karai lisilooshwa liache.

Hata hivyo, Guangzhou si mahali pa dhiki hata ujitetee kwa dharura. Ipo migahawa ya Waislamu wa Kichina yenye maandishi 清真, yaani qingzhen, ikiwemo ya tambi za Lanzhou zenye nyama ya ng'ombe, na mtaa wa Xiaobei unajulikana kwa vyakula vya Waislamu. Waalike wenzako huko wewe mwenyewe, nawe utasalimika pia na meza inayozungushwa pombe, ambayo Mtume alimkataza muumini kuikalia.

Wallahu a'lam.